Wimbo wa Vyungu vya Maziwa

Kumbakonam, 2 Julai 1997

Mwanangu Vennila,

Salamu nyingi za nyumbani. Mama yako hajambo, ila goti bado linamsumbua. Koo lako linaendeleaje huko Madras?

Mimi mzima, lakini nina donge moyoni. Kwamba yule mtunzi wa muziki alikushikashika studio, na kwamba umemtaja gazetini, nimeyasikia kwa muuza chai, mbele za watu. Ya mwanangu niambiwe na muuza chai?

Sasa Sengodan, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, amekuja dukani. Sikukuu ya mungu mama Mariamman mwaka huu nisipige wimbo wako, eti wewe ni mwanamke wa kesi. Nikipiga, kazi ya vipaza sauti anapewa mwingine. Nilianza na kipaza sauti kimoja cha kuazima, leo ninavyo kumi na vinne, na hekalu lile ndilo lililonijenga. Lakini wimbo wako ndio unaowaondoa wanawake kwenda hekaluni na vyungu vyao vya maziwa kila mwaka. Huwezi kuyamaliza na huyo mtunzi kimyakimya?

Baba yako,
Arumugam

Madras, 11 Julai

Shikamoo Baba,

Koo zima, kazi ndiyo hakuna. Waigizaji niliokuwa nikiwaimbia kwenye filamu sasa wanachezesha midomo kwa sauti za wenzangu. Katibu wa chama cha waimbaji aliniita, akafunga mlango, akasema kwa upole: "Dada, omba radhi humu humu, tuko wawili tu, mtunzi nitamfikishia, kesho unarudi studio."

Yule mtunzi naye alifunga mlango, Baba. Nilipokuwa nikikuandikia, nikifika hapo kwenye mlango nachana karatasi.

Sitaomba radhi. Wewe fanya kazi yako. Ukipiga wimbo wa mwingine sitakununia.

Binti yako

Kumbakonam, 9 Agosti

Mwanangu,

Tu wazima. Goti la mama yako limepata nafuu, ushahidi uko hapa chini. Nilipomsomea barua yako alikwenda kusugua chungu chake.

Siku ya sikukuu nilipiga kaseti ya mwimbaji mwingine, kama nilivyoagizwa. Mama yako alikuwa mbele, chungu kichwani. Hakutembea. Wa nyuma yake nao wakasimama, mstari ukafika hadi mtoni. Jua likapanda, maziwa yakaanza kupata moto.

Sengodan akaenda kumsihi mama yake mzazi, maana naye alikuwemo. Bibi akamjibu, "Miguu yangu inaondoka na sauti ya Vennila. Huyu mwingine simjui."

Basi akaja kwangu, akaninong'oneza nipige ule wimbo. Nikamsogezea maikrofoni.

"Sema hapa, mwenyekiti. Kesho usije ukanikana."

Akautazama ule mstari. Kisha akasema, na vipaza sauti vyote kumi na vinne vikasema naye: "Pigeni wimbo wa Vennila, binti Arumugam."

Nikapiga. Mama yako akainua mguu.

Lile neno langu la kimyakimya, lifute.

Baba yako

Madras, 20 Agosti

Shikamoo Baba,

Mwambie Mama apumzishe goti. Hapa sijambo.

Katibu amepiga simu tena, anataka niende tuzungumze wawili tu. Nimemwambia nitakuja, ila mlango ubaki wazi na maikrofoni iwe mezani. Akasema atanijibu.

Bado hajajibu. Mazoezi ya sauti nafanya kila asubuhi.

Binti yako,
Vennila