Mstari wa Nukta wa Mjomba Mikaeli

Lindi,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeanza kuukanyagia ule mguu, na kwamba kaka Jerome hakuachi ukachote maji mwenyewe. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu mpaka mama Romani wa jirani anaitikia salamu zangu, na haya si ya mama Romani.

Jerome amekuambia kwamba kikao cha shamba la marehemu mjomba Mikaeli kimeahirishwa. Hakukuambia kwa nini, maana nilimsihi aniachie mimi.

Huwa unaniuliza nafanya kazi gani hasa, nami hukujibu vibaya. Programu yetu ni ya kuchorea ukoo wa mtu. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume. Mstari mnene unamshusha mtoto kutoka kwa mama aliyemzaa, mstari wa nukta kutoka kwa mama aliyemlea. Mshale unaonyesha shamba linakwenda kwa nani. Alama hizo zina sarufi kama lugha yoyote: zipo zinazoruhusiwa kuungana na zisizoruhusiwa, na ukichora kinyume programu inakataa. Sarufi hiyo niliiandika mimi, kanuni baada ya kanuni, kwa miezi saba. Haionekani. Kinachoonekana ni rangi, na jinsi mzee asiyewahi kugusa kompyuta anavyovuta mstari kwa kidole nao ukatii. Hiyo ni kazi ya Devota, mwenzangu wa ofisini.

Mwezi wa sita nilimleta kwako afanyie majaribio hapo Mtama, akakaa wiki tatu. Ulinipigia kunisifia anavyosonga ugali, anavyomtania mzee Likwata mpaka akacheka. Ukasema mwenzangu anajua kukaa na watu. Nilijibu, ndiyo Mama, na neno hilo nikaenda nalo kazini wiki nzima. Kisha akarudi Lindi amevaa kitenge chako cha Pasaka, kile nilichokuomba mara mbili ukasema bado unakipenda.

Alhamisi, nikiukagua mchoro wa ukoo wetu kabla ya kikao, niliona chini ya duara lako mraba wa Jerome, duara langu, na duara jingine. Devota. Ameungwa kwako kwa mstari wa nukta. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida. Akajibu kwa haya kwamba mstari uliuvuta wewe mwenyewe, ukisema mtoto aliyefiwa na mama kule Miteja akiwa na miaka minne hawezi kuachwa anaelea kwenye karatasi. Niliukagua upya. Kwa kanuni zangu ulikuwa sahihi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Ofisi ya kijiji ilijaa. Sebastiani naye alikuja na ndugu zake wa upande wa baba aliyemzaa mjomba, wanaodai mikorosho ni yao. Hatukuwa na wasiwasi. Kila mtu anajua Bibi alimchukua Mikaeli akiwa mchanga akamlea kama ndugu yako wa tumbo moja. Ilibaki mchoro usainiwe tu. Devota akaufungua ukutani. Mraba wa mjomba ulikuwa mwekundu, pembeni, peke yake, na mshale wa shamba kuja kwako umekatika. Chini yake maandishi: Huyu hana ukoo. Maneno hayo ya onyo la programu niliyatunga mimi.

Devota alijaribu kuvuta mstari wa nukta kutoka kwa Bibi. Ukakataa, mara tatu. Sebastiani akasimama akasema, jamani, sisi tukisema tunaitwa wenye tamaa, haya sasa, hata mashine imesema Mikaeli si wao. Watu wakacheka. Mzee Likwata akafoka kwamba yeye alimwona Mikaeli mgongoni kwa Bibi wakati mashine hiyo, na aliyeitengeneza, hawajazaliwa. Lakini mwenyekiti alisema hasaini mchoro mwekundu, akatoa wiki mbili. Devota akainuka mbele ya wote akasema kosa ni lake, wamsamehe. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nikamwacha aombe msamaha. Alitaka tupite nyumbani kukuona. Nikamwambia gari litatuacha.

Mama, kosa si la Devota. Alhamisi ile, alipotoka kwenda kula, niliifuta kanuni ya mstari wa nukta. Nilitaka mchoro ufunguke yeye hayupo chini yako, asijue kaondolewa na nani. Mjomba sikumfikiria. Mtu aliyenibeba begani kwenda kwenye mikorosho hiyo hiyo, nilisahau kabisa kwamba Bibi hakumzaa. Kichwani mwangu mstari wake ulikuwa mnene. Nilimfuta mtoto mmoja wa kulea, programu ikawafuta wote.

Leo baada ya misa nimemwambia Devota. Hakunitukana. Aliuliza tu kwa nini sikumwambia alifute duara lake mwenyewe, kwani angelifuta. Nilitamani anitukane.

Kanuni nimeirudisha. Sitakuficha: kwanza nilijaribu kuiandika upya ili imkubali mjomba na kumwacha yeye nje. Sikuona njia isipokuwa kulitaja jina lake ndani ya kanuni, na hapo mkono ulikataa. Tarehe 31 nitasimama mbele ya kikao, Sebastiani akiwapo, niseme nilichofanya. Kama shamba litapotea, watu wajue limepotezwa na nani.

Nimekufungia mchoro mpya humu. Mjomba yuko mahali pake na mshale unakufikia. Chini yako tuko watatu. Wivu haujaniisha, Mama. Nilipouchapa nilipima kwa rula nani yuko karibu nawe zaidi. Tuko sawasawa.

Nisalimie Jerome na mzee Likwata. Kitenge mwachie.

Ni mimi, mwanao wa mstari mnene,
Genoveva