Babu, Pua ya Jiko Iko Wazi

Babu,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo kisha nikasimamisha kalamu, kama mtu anayesubiri. Mazoea tu. Ulikuwa unaitikia hata nikikuamkia kwa kunong'ona, hata ukiwa umesinzia kwenye kigoda chako hapa uani: "Marahaba, mke wangu mdogo!" Na Bibi kutoka ndani: "Usimchekee huyo, mke mwenzangu hajanawa hata uso!" Sasa uani kumenyamaza. Ni saa nne asubuhi, wapangaji wametoka, Bibi yuko chumbani na nguo zake nyeupe za eda. Mimi nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, daftari magotini. Kigoda chako sijakikalia. Hakuna anayekikalia.

Nina jambo la kukueleza. Wewe unalijua tayari, lakini lazima nilitaje mimi. Kutolitaja ndiko kulikoleta yote haya. Univumilie nianze mbali, unanijua maneno hayanitoki.

Jiko lako lipo. Shimo lile la kina cha goti, pipa lililokatwa ndani yake, matofali ya kuhimili moto kutoka injini kuukuu yakilizunguka, na ile nafasi ya vidole vitatu uliyoiacha kati ya pipa na matofali. Na bomba lako bovu linalopita chini ya ardhi hadi ukutani, likichomoza pale karibu na karo likiwa limevalishwa kopo mvua isiingie. Hiyo ndiyo pua, ulisema. Hewa inaingia puani, nusu inakwenda chini kwenye kuni, nusu inapanda pembeni na kutokea kwenye yale matundu ya juu, na kila moshi unapotaka kutoka unakutana na hewa ya moto, unaungua nao. Vile vimiali vya moto vilivyosimama duara kwenye ukingo wa pipa uliviita watoto. "Ukiona watoto wote wamesimama," ulisema, "ujue mama yao amekula."

Mtaa wetu wote wa Gerezani ulikuwa ukiliita jiko la jini. Sufuria inachemka na hakuna moshi! Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kulikagua, akalizunguka mara mbili, akasema huku ndiko kujitegemea kwenyewe, halafu akaondoka upesi bila kunywa chai. Wewe ulicheka hadi kifua kikakushika. Kifua chako kilikuwa ndiyo sababu ya jiko lote. Miaka yako yote ya kutia makaa kwenye injini za gari moshi. "Nimekula moshi kutoka hapa mpaka Kigoma na kurudi," ulimwambia Bibi, "nyumbani kwangu sitaki hata harufu yake."

Ulinifundisha mimi, si mtu mwingine. Kuni za makasha kutoka sokoni Kariakoo, kavu, nene kama dole gumba, si zaidi. Zipangwe mkingamo. Moto uwashwe juu, ushuke wenyewe taratibu. Majivu yazolewe kila asubuhi yasizibe matundu ya chini. Kuni zisipite matundu ya juu hata mgeni akiwa na njaa vipi. Na pua, pua iwe wazi siku zote.

Unakumbuka nilipokuwa kidato cha tatu? Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza kwa nini moto hutoa moshi. Nilikuwa nalo jibu lote, tena kwa sauti yako, lakini kwa Kiswahili chako. Kiingereza kikanikwama kooni, nikainamia dawati. Nilipokuhadithia ulisema, "Mke wangu, ulimi huo unautunzia nani?"

Sasa naja kwenye barua.

Ile siku niliyokwenda shuleni kufuata majibu ya mtihani wa kidato cha nne, nilirudi na barua ndani ya kitambaa cha kichwa. Nimechaguliwa kidato cha tano, Tabora, shule ya bweni. Mtu mwingine angepiga vigelegele kuanzia kituo cha basi. Mimi niliona bweni la wasichana arobaini nisiowajua, wakinitazama nikivua viatu. Nikaona nani atawasha jiko. Tangu Mama aliponileta kwenu, akaenda Lindi kwa mumewe, sijawahi kulala bila kukusikia unakohoa. Nikaamua barua isiwepo mpaka tarehe ya kuripoti ipite. Nilijua ningekuonyesha ungesema niende.

Niliifunga ndani ya nailoni, nikaikunja, nikaisukuma puani.

Ndiyo, Babu. Mahali pale kwa sababu hakuna anayetia mkono isipokuwa mimi na wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha moto. Nilipanga kuitoa alfajiri kabla ya kuwasha na kuirudisha moto ukizimika. Lakini asubuhi ile Bibi aliamka mapema kuwahi foleni ya sukari duka la ushirika, akawasha yeye, achemshe maji ya mtoto wa mpangaji wetu, Mama Anjela, kwanza. Mimi nilipitiwa na usingizi. Nilichoamshwa nacho ni harufu. Nilitoka mbio, uani kumejaa moshi mzito wa rangi ya maziwa, mtoto analia, na wewe umepiga magoti kwenye karo, mkono wako wote ndani ya bomba hadi begani, uso wako humohumo kwenye moshi.

Ulipoutoa mkono ulikuwa umekunja ngumi. Ukautia mfukoni mwa koti lako la reli. "Panya tu," ulisema. "Alishaanza kujenga."

Nikadhani umeona takataka. Nikadhani utaitupa motoni. Babu, nilifurahi. Wewe unakohoa, machozi yanakutoka, na mimi nimesimama pale nafurahi.

Kikohozi hakikuondoka. Jioni sita mfululizo ulinivutia mkeka karibu na kigoda, ukaniuliza swali lilelile, sauti ya chini: "Mke wangu, huna la kuniambia?"

"Sina, Babu."

Jioni sita. Siku ya saba hukuamka kwa swala.

Siku tatu za matanga hakukuwashwa moto kwetu, kama ilivyo desturi. Chakula kilitoka kwa majirani. Jiko nililifunika bati mwenyewe, na juu yake tofali. Siku ya pili, mchana, watu wameegama kwa joto, nilikwenda karoni kunawa. Nikasikia kitu. Nilidhani ni mzee wa kiume kati ya wageni. Kinavuta pumzi, kinakwama kidogo, kinaachia. Kinavuta, kinakwama, kinaachia. Nilifuata sauti hadi kwenye kopo la pua. Nikaondoa tofali, nikafunua bati, nikaweka kiganja juu ya majivu.

Yalikuwa na joto. Si joto la jua, lilikuwa linatoka chini.

Nikamuuliza Mama Anjela kama amewasha. Akanitazama kama nimemtukana: "Mimi? Kwenye nyumba ya msiba? Kwetu Songea tuna adabu, mdogo wangu."

Siku ya nne niliwasha. Kila kitu kama ulivyonifundisha. Pua niliichungulia, nikaona mwanga upande wa pili, mweupe kabisa. Moto ulishika, lakini watoto hawakusimama. Ukatoka moshi, mweupe, mpole. Haukupanda. Ulilala chini, ukapita kati ya ndoo na kinu, ukafika kwenye kigoda chako, ukapanda juu yake. Ukakaa. Nguo za Mama Anjela zilikuwa zimening'inia kwenye kamba juu yangu na hakuna hata kanga moja iliyotikisika. Mtoto Anjela, ambaye hajui kusema bado, alikiinulia kigoda mkono, kama alivyozoea kukuomba kitumbua.

Ilikuwa hivyo kila siku. Nilipasua kuni hadi zikawa kama njiti. Nilizola majivu mara tatu kwa siku. Nilitupa kuni zote nikaenda sokoni kutafuta makasha mapya. Moshi ule ule, njia ile ile, kigoda kile kile. Bibi alichungulia kutoka chumbani, akautazama kwa muda.

"Miaka kumi na moja mume wangu hakutoa moshi," alisema. "Mke mwenzangu, umemkosea nini?"

Alisema kama utani, ila hakucheka. Mimi nikasema, "Hakuna, Bibi." Unaona? Hata pale.

Mama Anjela alivumilia wiki tatu. Halafu akaja kunishika mkono: "Mtoto wangu hana kifua cha hivi. Mwisho wa mwezi nitahama. Nisamehe." Nikafikiri, akihama, Bibi bado ana miezi ya eda, hatoki nje, na mchana uani hakuna mtu. Na aliyewatimua ni mimi.

Arobaini yako ilisomwa Ijumaa. Watu wakala, wakakuombea, wakaondoka. Bibi akagawa nguo zako. Koti la reli akanipa nilikung'ute mifuko kabla halijachukuliwa na binamu yako. Mfuko wa ndani, upande wa moyo. Nailoni imejikunja kidogo kwa joto. Barua nzima. Na pembeni, penye jina langu, alama nyeusi ya dole gumba lako.

Nilipoinua macho Mama Anjela alikuwa mlangoni.

"Nilimsomea mimi," alisema. "Siku ile ile ya moshi. Alinifanya nisome mara tatu. Ya tatu akasema, 'Tabora! Nimepita pale mara ngapi na koleo la makaa mkononi, kumbe nilikuwa namtengenezea njia mke wangu.' Nikamwambia, 'Basi tumwite.' Akakataa. Akasema, 'Ataniambia mwenyewe. Nampa siku.'"

Nampa siku.

Nilimuuliza kama ni moshi ule uliokuua. Akasema kifua chako kiliisha kabla mimi sijazaliwa. Bibi naye amesema hivyohivyo. Sijui, Babu. Hilo sikuulizi, maana naogopa jibu la namna yoyote.

Siku hiyohiyo, alasiri, saa uliyokuwa ukirudi kutoka msikitini, jiko likiwa linawaka na moshi umeshakaa mahali pake, nilikwenda karoni. Nikapiga magoti pale ulipopiga wewe. Nikaondoa kopo. Pua ilikuwa inafanya sauti yake, inavuta, inakwama, inaachia, na hewa iliyotoka ilikuwa na uvuguvugu, ikanipiga midomoni. Nikasema ndani ya bomba:

"Babu, nimechaguliwa. Tabora. Naogopa. Hakuwa panya, ni mimi."

Ikanyamaza. Sauti ilikatika kabisa, hadi nikasikia nyundo za mafundi wa gereji ya jirani. Sikupumua na mimi. Halafu ikavuta. Ilivuta ndefu, bila kukwama popote, hadi pindo la mtandio wangu likaingia bombani na ikabidi nilishike. Nyuma yangu nilisikia Mama Anjela anasema "Yesu wangu," taratibu. Niligeuka. Watoto walikuwa wamesimama, duara zima, wa buluu chini na manjano juu, hakuna aliyekosekana. Na moshi uliokuwa kwenye kigoda uliinuka polepole, kama mtu anayeshika magoti yake ili anyanyuke, ukapita juu ya ukuta upande wa stesheni.

Tangu hapo hata harufu hakuna.

Mama Anjela hahami. Nimemfundisha jiko. Anapasua kuni nene mno, nikimkosoa ananiita bwana afisa, lakini pua anaichungulia kila asubuhi kabla hata ya kumsalimia Bibi. Nilipomsomea Bibi barua, alisema, "Nenda, mke mwenzangu. Niachie mume nimfaidi peke yangu." Halafu akajifunika uso kwa upande wa shuka. Nilikaa naye.

Tarehe ya kuripoti haijapita; naondoka kesho kutwa kwa gari moshi. Bado naogopa bweni. Nimekwambia ili ujue.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi nilitoka kuandaa moto nikakuta kuni zimeshapangwa. Mkingamo, nene kama dole gumba, na juu yake nyuzi za kumbi la nazi zimesokotwa kama kiota, kwa mkono wa kushoto, jinsi ulivyokuwa ukisokota wewe. Mama Anjela anasema si yeye. Bibi hajatoka. Sijauliza zaidi.

Sijaziwasha. Nimekaa hapa tangu saa hizo nikikuandikia. Barua hii siitii puani, usiwe na wasiwasi. Nitaiweka juu ya kuni zako, nitawasha juu, nitaiacha ishuke yenyewe.

Ahadi yangu ni ndogo. Nikiwa na jambo, nitalisema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kwa Kiingereza. Treni ikifika Tabora nitashuka wa kwanza, nisije nikajificha ndani ya behewa. Na popote nitakapokuwa, akitokea mtu akaniuliza kama sina la kumwambia, nitamtazama vizuri kabla sijajibu.

Lala salama, Babu. Kigoda chako nimekigeuza kielekee stesheni.

Nashika kiberiti sasa. Shikamoo.

Ukiitikia, itikia bila moshi.

Mkeo mdogo,
Zuhura