Dereva wa Mitamba wa Mahari

Duka la Vipuri, Kitale

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Wamalwa,

Mulembe, Baba. Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Natumaini goti limeacha kukusumbua na Mama haendi tena shambani kwenye umande kama alivyokatazwa. Mimi ni mzima kabisa. Huku mvua inanyesha vizuri, mahindi yako magotini, na dukani tunauza oili na bearing kuliko chai inavyouzwa hotelini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Maneno yakiwa marefu unasema mtandao ni mbaya, kisha unakata. Barua huwezi kuikata. Nataka nikueleze jinsi mitamba wa mahari yangu walivyosafiri kutoka Endebess hadi kwako Bumula, maana nasikia baba zangu wadogo wanasema watu wa mlimani, wakwe zangu, walichelewa kwa dharau. Huo ni uongo, na nitausahihisha leo. Ukijiuliza nilijuaje yote haya na mimi siku hiyo ilisemekana niko kazini, vumilia, nitafika hapo.

Unakumbuka uliwaambia akina Kipkemei kwamba tarehe imeshasogezwa mara moja, na kwamba wazee wakila kabla ng'ombe hawajaingia bomani, basi maneno ya ndoa yamekwisha. Baba, sikulala vizuri wiki ile. Nampenda Kipkemei na sikutaka mwingine. Asubuhi ya safari, lori walilokodi likakataa kuwaka. Kilichobaki ni pikapu yake Kipkemei, ya otomatiki isiyo na klachi, na trela la kuazima. Shida ni kwamba ukoo wao wote ulijifunzia kwenye trekta. Ukiwapa otomatiki, mguu wa kushoto unatafuta klachi mpaka unachubuka. Yeye mwenyewe aliinunua juzi na bado anaiogopa. Ikabidi dereva atafutwe Kitale.

Aliyeongoza msafara ni Mzee Kimutai, baba yake mdogo Kipkemei, mtu mwema lakini mbishi kama punda wa sokoni. Aliamuru kwamba mahari isikimbizwe, watu waione. Basi kila soko kuanzia Kiminini walilipita kwa mwendo wa konokono, akina mama wakiimba kwenye matatu iliyofuata nyuma. Pale Kamukuywa, katikati ya mlima baada ya daraja, alisimamisha msafara ili wapige picha na kuimba kidogo. Akamwagiza dereva asikanyage breki, mitamba wasije wakashtuka, bali ashikilie gari kwa mafuta kidogo, kama wao wanavyoshikilia trekta kwa klachi. Dereva alijua ni makosa, lakini akaona aibu kubishana na mzee mbele ya wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele.

Hapa nikufundishe kidogo, usikasirike. Mwili wako ukiwa na afya una joto la thelathini na saba. Giaboksi ya otomatiki nayo ina joto lake: kati ya themanini na tisini na tano hivi iko sawa, hata usiiwaze. Ukivuta mzigo mlimani, ikigusa mia moja na tano unaanza kuichunga. Ikifika mia moja na ishirini, oili inaungua, na oili iliyoungua hailindi chochote. Ukishikilia gari mlimani kwa mafuta, magurudumu hayaendi lakini ndani oili inakorogwa na kupata moto kama ugali. Dereva alikuwa na kifaa kidogo kilichochomekwa chini ya usukani, kinachoonyesha joto hilo kwenye simu. Wimbo wa pili ulipoanza, kilisoma mia moja ishirini na mbili.

Aibu ikaisha hapo hapo. Dereva alipandisha gari hadi kwenye tambarare, akaliweka nyutro, bila gia, akaacha injini iungurume polepole ili oili izunguke ipoe. Mzee Kimutai akaja na mtungi wa maji ya mto, ati amwagie giaboksi. Dereva alisimama mbele ya gari na kumwambia kwa heshima kwamba chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka, na kwamba hakuna atakayeligusa gari hilo mpaka lishuke chini ya tisini na tano. Mzee alifoka kwamba mahari kusimama njiani ni mkosi. Ndipo ulipopiga simu, Baba, ukamwambia Kipkemei kwamba kuku wameshaiva. Dereva aliendelea kutazama joto kwenye simu.

Joto liliposhuka hadi tisini na tatu waliondoka. Safari hii hakuna picha, hakuna kutambaa sokoni. Mwendo mmoja, gia ya chini kila penye mlima. Waliingia kwako wazee wakinawa mikono. Nasikia uliwapapasa mitamba mgongoni, ukaona hawana jasho wala mkwaruzo, ukasema dereva wa hawa watu amelelewa. Kwa kuwa trela halikuweza kugeuka langoni na dereva akabaki barabarani, ulichukua firigisi kutoka sahani yako mwenyewe, ukamtuma ndugu yangu Tonny ampelekee.

Baba, yule dereva mwenye ovaroli na kofia ni mimi.

Tonny aliponiona karibu aangushe sahani. Kipkemei ndiye aliyeniita, na Mzee Kimutai alijua tangu Kitale. Aliapa hatasema, na nadhani hata sasa haamini kwamba alikatazwa na bibi arusi. Wewe uliwafundisha ndugu zangu kuendesha, mimi ukaniambia nishike mwiko, nikajifunzia huku dukani. Nyumbani kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na nyanya hakuturuhusu wasichana hata kulamba mchuzi wake. Siku ile uliniheshimu bila kujua ni nani unayemheshimu. Niliila yote, huku nikilia kwenye usukani, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Najivunia kuwa mtoto wako.

Wazee wakisema mahari iliyoletwa na bibi arusi mwenyewe ni lazima irudi ilikotoka, wasikilize kwa adabu. Kisha waambie watafute dereva mwingine. Mimi ya kurudisha siendeshi.

Nisalimie Mama, na umwambie nitamletea kile kitenge. Salamu kwa Tonny, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Edinah