Gari Lisilotaka Kuzimwa Taa

Mume wangu mdogo,

Ukirudi na huo utepe wa umeme utatukosa. Mimi na babu yako tumekwenda kupanda basi. Chai iko kwenye chupa. Funga mlango wa nyuma.

Kitendawili! Taa zikiwaka hutembea, taa zikizimwa hufa. Jibu ni gari letu. Si ulisema gereji ni ya wavivu? Ukaunga mwenyewe waya wa pampu ya mafuta, kumbe umeuunga kwenye waya wa taa. Asubuhi hii nikakwambia, "Zima taa, kumekucha." Ukazima, gari kimya. Ulipoziwasha tena, waya ukafuka moshi, tukalisukuma mpaka nyumbani.

~~Wewe ndiye uliyetuponza.~~ Tumeponzana.

Babu anapasuliwa jicho saa tatu. Tukichelewa atangoja miezi sita, na jicho lile halina miezi sita. Nami hata basi la hospitali silijui.

Mwite fundi wa gereji, kisha utufuate.

Babu anakutetea. Anasema nyaya zako ameziona, umezifunga vizuri sana. Alipokuwa akisema hivyo, kidole alikielekeza ukutani.

Bibi yako