Mwanamke wa Kituo cha Basi

Göteborg, 29 Oktoba 2023

Mama mpenzi,

Hujambo huko Säffle? Goti linaendeleaje, na ile baridi ya kwenye ngazi wameishughulikia? Sisi hatujambo. Tuva amebakiwa na meno machache na maneno mengi. Naandika kwa sababu kwenye simu unasema "nipo sawa" kisha unakata, lakini barua hujawahi kuacha kujibu.

Nina mambo mawili. La kwanza, Tuva amechaguliwa kuwa Lucia, yule mtakatifu wa mwanga, shuleni kwao. Ni tarehe kumi na tatu Desemba asubuhi, taji la mishumaa kichwani na darasa zima nyuma yake. Anasema bibi asipokuwepo hafungui mdomo kuimba. Mama, hujaja kwetu miaka miwili sasa. Treni ni moja tu, wala hubadilishi njiani.

La pili ni kazi yangu. Yale mabango yametoka wiki hii, nchi nzima. Unakumbuka nilikwambia tunawatangazia watu wanaotengeneza chupi za kuzuia mkojo, zile za watu wazima? Miezi minane nimekaa nao wakinifundisha maneno ya kutotumia. "Mkojo" marufuku. "Nepi" ukiitamka wanakutazama kana kwamba umetukana. Tunasema "matone", tunasema "uhuru". Wanachotaka ni mwanamke aingie dukani, achukue pakiti na kuiweka kwenye kikapu juu ya maziwa, asiifunike na gazeti. Picha ni ya mwanamke mwenye mvi anayecheka, kichwa amekitupa nyuma. Maneno ni mawili tu na ni yangu: Cheka tu. Najivunia, usinitanie.

Niambie utakuja.

Mwanao,
Åsa

*

Säffle, 6 Novemba

Mwanangu Åsa,

Salamu nyingi kwako na kwa Tuva. Mimi mzima kabisa, wasiwasi wangu ni wewe. Kwenye picha ya mwisho ulionekana umekonda. Unakula kitu cha maana au ni majani ya ofisini?

Kumbe ni wewe uliyeniletea huyu mgeni. Wamemweka kwenye kituo cha basi, mkabala na dirisha langu la jikoni. Yupo nyuma ya kioo, mrefu kama mlango, na taa inawaka ndani, maana huku saa kumi giza limeshaingia. Nikimenya viazi ananitazama. Nikiosha sufuria ananitazama. Gunnel wa ghorofa ya pili aliniuliza yule anatangaza nini, meno? Nikamwambia ndiyo, meno.

Na kwenye televisheni mnamwaga maji ya buluu juu ya kile kitambaa. Nimeishi miaka sabini sijaona mtu anakojoa buluu. Akitokea, apelekwe hospitali, asirushwe kwenye trampolini akiwa na suruali nyeupe.

Habari za jengo: kwenye chumba cha kufulia kuna vita. Unaujua ubao wetu wa zamu, kila nyumba hufunga kikufuli chake kwenye saa yake ya kufua. Kuna mtu anaingia saa ambazo hakuna aliyeweka kikufuli. Basi mwingine kabandika karatasi: "Nani anafua mashuka kila baada ya siku moja? Hapa si hoteli." Bila jina, kama kawaida yetu. Chini yake mtu kaongeza kwa kalamu: "Kweli kabisa, ni aibu."

Kitu kimoja tu. Huyo mwanamke anafanana na mama yangu, bibi yako Hildur. Si kidogo. Ni kidevu, na ule mkunjo wa shavuni. Mlimtoa wapi?

Kuhusu Lucia, goti haliniruhusu. Mwambie mtoto aimbe, nitamsikiliza kwenye simu.

Mama yako

*

Göteborg, 12 Novemba

Mama mpenzi,

Tupo salama, na ninakula. Pole na goti.

Yule mwanamke ni mwalimu wa dansi aliyestaafu, anatoka Borås, hana undugu na sisi. Lakini uliposema hivyo niliitoa picha ya bibi, ile aliyosimama na baiskeli, na kweli kidevu ni kilekile. Tofauti ni kwamba huyu anacheka. Bibi alikufa nikiwa na miaka sita, na sikumbuki hata mara moja akicheka. Nakumbuka kiti chake cha dirishani na kitambaa cha plastiki chini ya mto, kilivyokuwa kikiparuza akijisogeza. Nilidhani viti vya wazee wote vinatoa sauti hiyo.

Sasa nitasema jambo, na nakuomba usikasirike. Pasaka, tulipokuwa kwako, ulikataa kahawa. Wewe, mama. Nilisimama na birika mkononi ukafunika kikombe kwa kiganja. Halafu Tuva alipomwigiza yule mchungaji mwenye mafua, sote tulicheka mpaka tukatoa machozi, lakini wewe uliinuka ukaenda kusimama kwenye makoti mpaka tukanyamaza. Na hizo habari za mashuka. Ni wewe?

Ninakutumia pakiti moja kwa posta. Ni kitu cha kawaida, mama. Humpata mwanamke mmoja kati ya watatu.

Mwanao,
Åsa

*

Säffle, 17 Novemba

Åsa,

Mimi mzima. Natumaini na nyinyi.

Hiyo "kawaida" umeitoa moyoni mwako au kwenye bango? Mimi si mmoja kati ya watatu, mimi ni mama yako.

Kifurushi hakikuingia kwenye tundu la barua la mlangoni, kwa hiyo kiliachwa kwa Gunnel. Jina la bidhaa limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na yule mwanamke amechorwa juu akicheka. Gunnel alinipandishia mpaka mlangoni, akanikabidhi. Usinitumie kitu tena.

Nimenunua mapazia mazito. Mwanga wake unapita hivyo hivyo.

Mama yako

*

Göteborg, 27 Novemba

Mama,

Umeamkaje? Umekunywa maji leo? Nakuuliza kweli, nataka jibu kwa glasi.

Nilikaa jikoni kwako Jumamosi kwa saa tatu nzima na tukazungumzia mapazia. Nilipanga njia nzima kwenye treni nitakachosema, nikafika nikasema kitambaa ni kizuri. Wewe ukasema kilikuwa kimepunguzwa bei. Ndiyo maana narudi kwenye karatasi.

Gunnel asingenipigia nisingejua kwamba ulianguka kwenye ngazi na ukalala hospitali Karlstad siku mbili. Daktari aliniambia ulikuwa umekauka. Ndilo neno alilotumia. Mwanamke mwenye bomba jikoni, ndani ya Sweden, anakauka. Unajinyima maji ili usivuje, sivyo? Goti lako halina kitu. Unaogopa treni, unaogopa kiti cha watu, unaogopa Tuva akuchekeshe.

Niliona ulivyokaa. Ulikuwa ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka, uso umeelekea dirishani. Nilishawahi kumwona mtu amekaa vile, na nikaogopa sana.

Bibi Hildur alikufa kwa nini, mama?

Samahani kwa kifurushi. Nilikosea, na nilikosea kwa herufi kubwa.

Mwanao,
Åsa

*

Säffle, 3 Desemba

Mwanangu,

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, nimewasha mshumaa mmoja. Maji nakunywa, glasi sita, daktari ndivyo alivyoagiza. Matokeo yake unayajua.

Bibi yako alikufa kwa figo. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti. Mimi nitakuandikia ambacho hakikuandikwa.

Ilikuwa Agosti 1974, karamu ya kamba wa mtoni, uani kwa kina Gunnel. Tulikuwa kumi na wawili mezani, kila mtu na kofia yake ya karatasi. Mama ndiye aliyekuwa akiichangamsha meza. Wewe hukumjua huyo. Alikuwa na kicheko kinachoanza chini kikapanda, kikakatika katikati kama kimeisha, halafu kikaanza upya kwa nguvu zaidi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Baba yake Gunnel alisimulia habari ya ng'ombe aliyeingia kanisani, na mama akacheka mpaka akaishika meza kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Nikaona kiti. Nilikuwa nimekunywa, nikadhani ni utani kama utani mwingine, nikasema kwa sauti: "Mama, umejikojolea."

Kila mtu aligeuka kukitazama kiti chake. Alivua ile kofia ya karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka kando ya sahani, akaenda nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Åsa, sikuwa mtoto.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo na sikumsikia akicheka tena. Nilimwona akijizuia. Alikuwa anauma shavu kwa ndani mpaka kinachomchekesha kipite. Aliacha karamu, akaacha kanisa, akaacha duka, na sisi tukawa tunawaambia watu ni nyonga. Mwisho akaacha maji. Hatukulizungumza hata siku moja. Sikumwomba radhi kwa sababu kumwomba radhi kungekuwa kulitaja tena lile jambo.

Sasa umemsimamisha mbele ya dirisha langu anacheka. Kila nikifungua pazia kichwa kimetupwa nyuma vilevile, palepale alipokuwa amefika nilipofungua mdomo. Siku nyingine nasikia plastiki ikiparuza pale dirishani, na kile kiti nilikitoa mwaka themanini na tano. Naogopa jikoni kwangu mwenyewe.

Aliyeandikiwa karatasi kwenye chumba cha kufulia ni mimi. Na aliyeongeza "ni aibu" ni mimi vilevile, ili wasinidhanie.

Nimewaza kushuka nimwambie lile neno la radhi pale kituoni. Utasema nimechanganyikiwa. Kinachonizuia si aibu ya kuzungumza na bango, ni dakika tano za kusimama kwenye baridi.

Mama yako

*

Göteborg, 7 Desemba

Mama yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za ofisini, na watu wakawa wananiruka.

Sitakwambia tena kwamba ni kawaida. Nimelisema neno hilo miezi minane kwa kulipwa na sikuwahi kujiuliza nani anaambiwa. Nitakwambia ninachokijua. Yule mwanamke tulimweka mbele ya kamera kwa saa nne acheke. Hapakuwa na kichekesho chochote. Tulipiga picha mia sita, na tuliyoichagua ni ya mwisho mwisho, alipokuwa amechoka sana. Si bibi, mama. Lakini kama una neno la kumwambia, mwambie. Sioni wazimu wowote ndani yake.

Nenda mapema tu. Mabango yanabadilishwa Jumatatu asubuhi. Nilipiga simu kuwaomba la kwako walibakize, wakanicheka.

Na ile pakiti, kama hujaitupa: haiparuzi. Hilo nakwambia mimi mwenyewe, si kampuni. Nilivaa siku nzima ofisini kwa ajili yako, nikasikiliza kila nilipokaa.

Tuva anafanya mazoezi akiwa na sufuria kichwani. Simkatishi tamaa wala simwahidi kitu.

Mwanao,
Åsa

*

Säffle, 11 Desemba

Mwanangu Åsa,

Nakusalimu, ingawa barua hii itafika baada yangu. Ikianguka mlangoni kwako nitakuwa nimeshakaa jikoni nikimsuka Tuva. Iweke mfukoni, uisome nikiwa mbali. Na lolote lililomo usiliandike kwenye bango la mtu.

Siku hizi posta wanapita siku moja, siku ya pili hawapiti, kwa hiyo maneno yako ya Alhamisi nimeyapata leo Jumatatu adhuhuri. Niliposoma "mapema" hata pazia sikufungua. Pakiti ilikuwa kabatini chini ya sinki, nyuma ya makopo ya kahawa. Nilivaa. Nilikaa kwenye kiti makusudi nikasikiliza. Kimya. Nikavaa koti, nikashuka ngazi polepole nikilirudia neno langu nisije nikalikosea.

Nyuma ya kioo palikuwa na paja la nguruwe la Krismasi. Refu kama mlango, limepakwa haradali, na bei yake pembeni.

Miaka arobaini na tisa nimekaa na neno moja, na siku ninayolileta namkuta nguruwe. Sikuwa na pengine pa kulipeleka. Nililisema. Nikasema, "Nisamehe, mama. Nilikuaibisha mbele za watu na sikurudi."

Gunnel alikuwa kwenye benchi akingoja basi, sikuwa nimemwona. Akaniuliza, "Ingegerd, unamwomba radhi nguruwe?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Mwaka jana nilimkausha kwenye oveni."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilitaka kuuma shavu nikawa nimechelewa. Kilianza chini kikapanda, nikalishika bango kwa mikono miwili, na ndiyo, ilitokea, na hapakuwa na kitu cha kuonekana. Kikakatika katikati nikadhani kimeisha, kikaanza upya. Mimi sicheki hivyo, Åsa. Sijawahi kucheka hivyo maisha yangu yote.

Gunnel alikuwa ameinama anafunga mfuko wake. Aliinua kichwa ghafla, akatazama nyuma yangu, upande huu na upande ule. Akasema, "Hildur?"

Na mimi niligeuka kumtafuta.

Mama yako