Pigo zito la mchi

Alhamisi, baada ya Isha

Hicho Kitaliano sikipendi. Leo Zainabu ametwanga makopa huku analikata neno alilofundishwa na yule Mtaliano, fundi wa matrekta, kila kipande na pigo lake: par, ti, re, i. Kwenye "re" mchi ulishuka kwa nguvu mpaka nikashtuka.

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Ningeondoka."

"Ungeondoka kama ingekuwaje?"

Akacheka. "Na wewe mama! Ni neno tu."

Neno tu. Na mashamba ya karanga yanafungwa, Mtaliano anarudi kwao mwezi huu huu.

Nimetoka kufunua ungo, nisonge ugali. Unga umebaki nusu. Nusu nyingine nimeikuta chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye kanga yake ya sikukuu.