Ile Moja Imekwenda Wapi?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu maisha ya mtoto wa watu. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Sumbawanga, na tangu biashara ziachiwe huru na vitu vya nje vijae madukani nilijinunulia kalkuleta, shule nzima ninayo mimi tu, natembea nayo mfukoni mwa shati watu waione, sasa kwenye mtihani wa kumchagua mmoja wa kwenda mashindano Mbeya mwezi ujao nikawapa wanafunzi 99,999,999 mara 99,999,999, wafanye kwa mkono, na Marsiana, binti wa mzee Kashinje mfugaji, akaandika 9,999,999,800,000,001, lakini kalkuleta ilionyesha 9.9999998 na pembeni 15, nami nikajaza sifuri hadi mwisho, nikamkosesha, na kwa alama hiyo nafasi akaipata mwenzake Edwin. Marsiana akaniuliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, tisa mara tisa ni themanini na moja, ile moja imekwenda wapi?" Nikamfukuza darasani, nikasema mashine haikosei. Nyumbani nikakokotoa kwa kalamu, lahaula, moja ipo! Sasa Marsiana haji shule, baba yake amesema kama hesabu zimemshinda akachunge, na mwalimu mwenzangu ananiambia ninyamaze, eti moja kwenye namba kubwa vile ni kitu gani?

Mwalimu Nestory, Izia

Mwalimu Nestory, pole, ingawa wa kupewa pole ni binti. Kalkuleta yako ina nafasi ya tarakimu chache. Namba ikizidi hapo, inashika za mbele na kuziacha za nyuma. Ile 15 ilikuambia namba ni ndefu kiasi gani, haikukuambia inaishia na sifuri. Sifuri umezitia wewe! Mzani wa lori la mahindi hauoni punje moja, lakini punje imo. Na huyo mwenzako aende kwa mzee Kashinje jioni ng'ombe mmoja akikosekana zizini, amwambie, "Mzee, si mmoja tu?" Fimbo atakayokula asije kunililia.

Haya, acha kulalama. Panda baiskeli leo hii uende kwa mzee, umwamkie, ukiri kosa mbele ya binti yake. Alama zake zisahihishe, uzipeleke wewe mwenyewe kwa mkuu wa shule. Edwin mweleze kwa upole, naye hana kosa. Ukichekwa, chekwa, hakuna aliyekufa kwa kuchekwa. Halafu mjibu Marsiana swali lake, maana mpaka sasa hujamjibu. Ile moja imekwenda wapi? Mwambie, "Niliifuta mimi."